Uzito wa Don Nolberto

Mota ya asensori yetu, yale mabehewa ya waya yanayopandisha watu kilimani, iliungua Jumapili jioni, na Doña Zunilda alitakiwa hospitali Jumanne saa tatu asubuhi kupasuliwa mtoto wa jicho.

Barua ya hospitali ilikuwa imebandikwa jikoni, kando ya kalenda. Aliisubiri miaka miwili na miezi minne. Mstari wa mwisho ulisema asiyefika siku yake anarudishwa mwisho wa orodha. Aliniomba nimsomee tena mstari ule, ingawa alishauhifadhi, kisha akasema mwisho wa orodha anaujua ulipo: upo makaburini, ukiingia mkono wa kulia, pale alipolala mumewe.

Ana miaka themanini na mbili. Mimi ninapanga chumba kwake, huu mwaka wa nne, na kazi yangu ni geti la kituo cha chini cha asensori. Nakaa pale tangu asubuhi, watu wanapita, geti linazunguka, nawahesabu. Behewa halichukui zaidi ya kumi na watano. Wakitimia nabonyeza kengele, na kule juu don Sandalio, mtu wa mashine, anaisikia na kuachia breki. Shule niliishia darasa la nane, lakini kuhesabu watu sijawahi kukosea.

Kilima chetu cha Las Torcazas hakina njia ya gari upande huu. Wenye kuujua mji wetu wa Valparaíso hawatashangaa. Kuna asensori, na kuna ngazi mia mbili na kumi na nne. Ngazi zilimshinda Doña Zunilda tangu nyonga yake ilipovunjika, na ilivunjika hapohapo kwenye ngazi. Ilikuwa siku ya mvua, vijana wanne wa zimamoto walimbeba kwenye kiti, mmoja akateleza, wakaanguka naye. Tangu hapo aliapa kwamba hatabebwa tena na binadamu mpaka awe ndani ya sanduku, kwa sababu humo hata ukiangushwa hulalamiki.

Jumatatu nilipiga simu ofisini. Wakasema kifaa cha mota kinatoka mji mkuu, wiki tatu. Nikawaeleza habari ya jicho. Yule dada alisikitika kweli, sauti yake ilionyesha, lakini akasema huruma yake haivuti behewa.

Nilipopanda ngazi kwenda kumpa Doña Zunilda habari hiyo, nilimkuta don Sandalio kwenye chumba cha mashine, mikono imejaa grisi, anazungusha gurudumu la breki huku na huku kama mtu anayepima kitasa. Aliniambia niingie nifunge mlango. Akanikumbusha kitu ambacho nakiona kila siku ya kazi na sijawahi kukifikiria: mabehewa ni mawili, yamefungwa kwenye waya mmoja wa chuma, na waya umepita juu ya lile gurudumu kubwa. Moja likishuka, lingine linapanda. Mota inasaidia tu. Baba yake, miaka ile umeme ulipokuwa ukikatika hovyo, alikuwa akijaza watu behewa la juu, anaachia breki kidogo kidogo, na uzito wao unawashusha wenyewe huku ukilivuta lile la chini.

Nikamuuliza kama inaruhusiwa. Alijipangusa mikono kwanza.

"Kesho mimi si mfanyakazi wa asensori," alisema. "Kesho mimi ni jirani mwenye breki."

Asubuhi ya Jumanne ukungu ulikuwa umeilalia bandari, meli hazionekani, unasikia honi zao tu. Habari ilishazunguka kilima kizima. Watu kumi na watatu wanaoshuka kazini walikuwa wamejipanga mlangoni, na don Sandalio anawapitia mmoja mmoja kwa macho kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwalimu mmoja mwembamba aliambiwa abebe mikoba ya wenzake ndipo ahesabiwe kuwa mtu. Doña Isolina, mwuza samaki, ambaye siku hiyo hakuwa na safari, alisimama pembeni na mikono kiunoni akisema kwamba tangu azaliwe ni mara ya kwanza anaona watu wanene wanapewa nafasi ya mbele.

Doña Zunilda aliingia na fimbo yake, hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwake, njia tambarare. Nikamketisha kwenye benchi la mbao karibu na dirisha. Don Sandalio akaachia breki.

Nimepanda asensori hiyo maelfu ya mara, lakini kimya kama kile sijawahi kukisikia. Hakuna mngurumo wa mota. Magurudumu yanasaga reli, mbao zinalia, na watu kumi na watano wameshika pumzi kana kwamba pumzi nayo ina uzito. Doña Zunilda alikuwa amenishika mkono. Ghafla upepo ukapita ubavuni mwetu.

"Tumefika katikati," akasema. Lile behewa tupu lilikuwa likipishana nasi. Kwa macho hakuliona, ila upepo wake anaujua tangu usichana wake.

Tulifika chini salama. Watu wakapiga makofi, wakampa mkono, wakasambaa kila mtu na kazi yake. Nikamwingiza kwenye teksi, na saa tatu kasorobo tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, barua mkononi.

Hapo kwenye benchi ndipo aliponiambia neno hili.

"Likifunguka hili jicho, kitu cha kwanza nitakachokiona ni ule ukuta wa kijivu wa Nolberto. Miaka yote hii ya kungoja, nije nione zege."

Don Nolberto ni mwoka mikate. Tanuri lake liko mbele ya nyumba ya Doña Zunilda, chini kidogo. Zamani dirisha lake lilikuwa linaona ghuba yote, kutoka gati mpaka upande wa pili, na kwa kuwa mumewe alikuwa nahodha wa boti ya kuvuta meli, alizijua meli kwa mabomba yake ya moshi. Miaka kumi na moja iliyopita don Nolberto alijenga ghorofa juu ya tanuri, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaolewa. Ukuta ukapanda mpaka ukalifunika dirisha. Kisha yule binti akafuata kazi ya mume huko Antofagasta, na chumba kikabaki kitupu mpaka leo. Doña Zunilda hakugombana naye wala hakwenda kushtaki. Aliacha tu kumsemesha. Mkate nanunua mimi, na don Nolberto hunifungia mikate minne bila kuuliza ni ya nani.

Ukuta ule si wa kijivu. Ni wa buluu. Aliyeupaka ni don Nolberto mwenyewe, miaka sita iliyopita, akiwa juu ya ngazi ya mbao siku nzima ya Jumapili, na mwili wake ule mnene, kwa rangi iliyobaki bandarini baada ya kupakwa meli. Mimi nilikuwa sijahamia, lakini kila mtu kilimani anakisimulia kisa hicho. Mtu akimuuliza kwa nini alipaka upande mmoja tu wa nyumba, upande usioonekana na mtu mwingine, hujibu kuwa rangi haikutosha. Na kila mtu alijua kuwa Doña Zunilda aliiona rangi ile na akanyamaza, kwa kuwa ana moyo mgumu. Hata mimi nilijua hivyo. Miaka minne nakula naye meza moja, namwekea dawa za macho, na sikuwahi kujumlisha.

Nilikuwa natafuta namna ya kusema, muuguzi akaita jina lake.

Walimaliza kabla ya saa sita. Alitoka na kibandiko cheupe jicho la kulia, anatabasamu kama mtoto aliyetoka kunyolewa. Muuguzi akanipa masharti mimi, siyo yeye: asiiname, asitikiswe, asinyanyuliwe, afike nyumbani alale chali. Kibandiko kitolewe kesho asubuhi. Jumanne ijayo arudi kuangaliwa. Tukakaa mpaka kizunguzungu kikaisha, na saa nane na nusu teksi ikatushusha kituo cha chini. Mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, ile inayolowesha bila kusikika.

Nilimketisha kwenye behewa la chini, nikamfunika blanketi, nikampigia don Sandalio kumwambia tuko tayari.

"Yasna," alisema, "wazito wote nimewatuma mjini."

Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Sisi tuliokulia kwenye mota tumeshasahau kwamba anayepanda anapandishwa na anayeshuka. Asubuhi kilima kizima kilifikiria namna ya kumshusha, kikashangilia, kikaenda kazini. Hakuna aliyefikiria kwamba jioni atakuwa chini, na ili yeye apande lazima juu kuwe na watu wazito kuliko yeye na behewa na kutu ya miaka mingi. Watu wale wangerudi saa moja usiku. Mimi ndiye mwenye kazi ya kuhesabu watu, na nilihesabu wa kwenda tu.

Don Sandalio alisema nimpe robo saa. Nilisikia baadaye alivyohangaika: alizunguka vichochoro akigonga milango, na saa ile kilimani kuna wagonjwa, paka na akina mama wenye vichanga. Alimpata doña Isolina na dada zake wawili. Akawaketisha, akawazungushia mitungi minne ya gesi iliyojaa. Kengele ikalia. Behewa letu likashtuka, likapanda urefu wa mkono mmoja, likasita, likarudi chini taratibu. Mara ya pili vilevile. Doña Zunilda aliniuliza kama ndivyo itakavyokuwa hadi Jumanne ijayo, maana kama ndivyo, angependa chai.

Simu ikalia. Don Sandalio alisema amepiga hesabu, anahitaji kama kilo mia nyingine, na kidogo juu yake. Kila mtu wa Las Torcazas anajua kilo mia na kidogo juu yake zinapatikana wapi, na saa ile zilikuwa zinatoa mkate wa jioni tanurini. Don Sandalio alisema yeye hawezi kuiacha breki, na Isolina akitumwa na ulimi wake ataharibu kila kitu.

Nikamwomba mama wa kibanda cha magazeti akae na Doña Zunilda. Nikapanda ngazi mia mbili na kumi na nne bila kusimama.

Duka lilikuwa na joto na harufu ya ganda la mkate. Don Nolberto alikuwa amenipa mgongo, koleo la mbao mikononi, shati limelowa. Nakiri niliogopa kumwomba mwenyewe. Nikaomba magunia mawili ya unga.

Aliuliza ya nini. Nikamweleza yote, tangu asubuhi. Aliendelea kutoa mikate, trei kwa trei. Kisha akauliza unga ukishafika chini nani ataupandisha, tena na mvua hii.

"Amekutuma yeye?"

"Hapana. Hajui niko hapa."

"Basi," akasema, na akarudisha koleo ndani.

Ningeondoka. Nilishageuka. Lakini macho yangu yalipita mlango wa nyuma, kwenye uchochoro, na kile kipande cha ukuta kinachoonekana kutoka pale, buluu imelowa mvua.

"Don Nolberto," nikasema, "Doña Zunilda anasema ukuta wako ni wa kijivu."

Hakugeuka mara moja. "Anasema nini?"

"Wa kijivu. Leo asubuhi, hospitali. Amesema akifunguliwa jicho ataona zege. Hajawahi kuiona ile rangi. Macho yalikuwa yameshaziba kabla hujapaka, ila hakumwambia mtu."

Aliweka koleo ukutani. Likateleza, likaanguka, hakuliokota. Alitazama mikono yake yenye unga, halafu akanitazama mimi, na nikaona anapiga hesabu yake.

"Miaka sita," alisema. "Kila asubuhi nafungua duka nasema, leo atasema neno. Hata la kunitukana."

Akamwita mkewe aje aangalie mikate. Akavua aproni kwa kuipitisha kichwani, akaitundika, akavaa kofia. Mlangoni aliniambia nimjulishe Sandalio kwamba ni kilo mia moja thelathini na mbili, za mizani ya unga, siyo za kukisia, asije akalalamika baadaye kuwa hakuambiwa.

Nilishuka mbio. Doña Zunilda alikuwa ameshapata chai kwa mama wa magazeti na ameshamsimulia operesheni nzima. Nilikaa karibu naye, nikabonyeza kengele. Safari hii behewa halikusita. Lilinyanyuka kama limevutwa na mkono wa mtu aliyeamka vizuri.

"Wamempata nani?" aliniuliza.

Nikasema wamempata mtu.

Mabati ya mapaa yakaanza kushuka chini yetu. Nyuma ya mvua ghuba ilikuwa nyeupe. Nililiona behewa la juu likija, dogo, kisha kubwa, na kwenye dirisha lake don Nolberto amesimama, amelijaa, doña Isolina amebanwa nyuma yake kati ya mitungi akilalamika kuwa amekanyagwa na akifa aandikiwe kwamba amekufa kwa mkate. Upepo wa kupishana ukatupiga usoni. Pale katikati, dirisha na dirisha ni kiasi cha mkono. Akavua kofia.

"Doña Zunilda."

Akageuza sikio. "Nani huyo?"

"Nolberto."

Mabehewa hayangoji. Uso wake ulikuwa umeshaanza kutupita, unateremka, kofia bado mkononi.

"Ndiyo maana leo tunapanda kama wenye mota," akasema Doña Zunilda.

Vicheko vya wale wanawake vilishuka nao mpaka vikapotea. Yeye hakucheka. Alikaa wima kama muuguzi alivyoagiza, lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga piga juu ya blanketi.

Juu, don Sandalio alikuwa amelowa jasho, ameegemea gurudumu la breki kama mlevi. Nilitaka nimpeleke Doña Zunilda kitandani moja kwa moja. Akasema anakaa kwanza kwenye benchi la kituo, chini ya paa. Nikamkumbusha masharti. Akasema kukaa si kuinama. Basi tukakaa.

Ni muda mrefu, ngazi mia mbili na kumi na nne, kwa mtu wa kilo mia moja thelathini na mbili. Tulisikia pumzi yake kabla hatujamwona, na vituo vyake: kumi, anapumzika, nane, anapumzika. Alipotokea, uso mwekundu, maji yanamtiririka, alisimama mbele yetu bila kujua aweke wapi mikono. Akasema habari za jioni. Doña Zunilda akasema njema.

"Kaa, utaanguka," akamwambia, "na wewe hatuna wa kukupandisha."

Akakaa upande wa pili wa benchi. Benchi likalia. Wote wawili wakatazama mvua. Don Nolberto akamuuliza kama walimuumiza. Akasema hapana, ni kama mtu anayekufungulia pazia kwa kisu. Naye Doña Zunilda akamuuliza mkewe hajambo. Hajambo. Baada ya muda don Nolberto akasema ana mikate, akaenda. Hawakutaja ukuta. Mimi nilikuwa na neno mdomoni nikaliacha, kwa sababu jicho lingelisema lenyewe kesho.

Asubuhi nilimwosha uso, nikaloweka kibandiko kwa maji ya vuguvugu, nikakitoa pole pole. Alibaki amefumba. Akaniambia nifungue dirisha. Nikafungua. Mvua ilikuwa imekatika na jua limeupiga ukuta wote, kuanzia juu hadi chini.

Alifumbua.

Sikujua binadamu anaweza kuutazama ukuta kwa muda mrefu vile. Alisimama kwa fimbo yake, machozi yanamtoka, lakini muuguzi alishasema jicho litatoa machozi, kwa hiyo sitasema ni ya nini. Harufu ya mkate wa asubuhi ilikuwa inapanda.

"Lini?" aliuliza.

"Miaka sita, doña."

Akakaa kitandani. Akasimama tena, akarudi dirishani, akainamisha kichwa kidogo mpaka nikamshika bega.

"Nenda ukalete mkate," akasema. "Na umwambie kule kona ya juu, kushoto, ameruka. Kuna kipande kama meza hakina rangi."

Nikaenda. Duka lilikuwa na wateja wanne, nikangoja zamu yangu. Ilipofika nikamwambia kama nilivyoagizwa, neno kwa neno, kipande kama meza, kona ya juu kushoto. Don Nolberto alikuwa anafunga mikate yangu kwenye karatasi, na vidole vikasimama.

"Mwambie najua," alisema. "Ngazi haikufika."

Akamaliza kufunga. Akanipa. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniuliza Jumanne tunashuka saa ngapi.